Karakana ya breki katika eneo la viwanda la Nakuru: hupima dramu kabla ya kukuuzia lainingi

Karakana ninayoieleza hapa iko katika eneo la viwanda la Nakuru na haifanyi kazi nyingine isipokuwa breki. Dirishani huuza pedi na shuu za pikipiki, na nyuma, ndani ya banda la mabati, hubadilisha lainingi za malori na trela, yaani tabaka la msuguano linalofungwa juu ya shuu, vipande vya chuma vilivyopinda vinavyobana dramu kutoka ndani. Mimi ni mteja wao kwa kuwa malori yetu hupakia unga na mbolea hapa Nakuru na kuteremsha Kisumu na Busia, na tuna pikipiki kadhaa za kusambaza mizigo midogo mjini. Uamuzi wangu nautoa mapema: mwenye lori asiipite karakana hii bila kuingia, na mwenye pikipiki aje akiwa tayari anajua anachokitaka.

Kinachowatofautisha na maduka mengine ya spea ni maswali yao. Kwingine utatajiwa bei kabla hujamaliza kutaja aina ya lori, lakini hapa utaulizwa kwanza ekseli ni ya kampuni gani, lori hubeba tani ngapi, na hupita barabara gani likiwa limejaa. Swali la barabara linaweza kuonekana kama udadisi tu, ila dereva anayeijua njia ya kwetu ataelewa. Lori lililojaa likitoka Eldoret huanza kuteremka Mau Summit na halipati nafuu ya kweli mpaka lipite Salgaa. Na likielekea Kisumu kupitia Kericho, hutoka mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kuishia tambarare ya Ahero, ambako ni kama mita 1,150 tu. Nguvu yote ya mteremko huo, isiyozuiwa na injini, lazima igeuke kuwa moto ndani ya dramu, chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja na gurudumu.

Moto huo ndio unaopambanua lainingi nzuri na mbaya. Lainingi ni nyuzi na unga wa madini vilivyoshikanishwa kwa gundi ya rezini, na joto likipanda kupita nyuzi 300 hivi za Selsiasi, gundi ya lainingi hafifu huanza kuvunjika, hutoa gesi, na uso wake hubaki laini unaong'aa. Wakati huohuo dramu yenyewe hutanuka kwa joto na kujitenga na shuu. Dereva hukanyaga zaidi na kupata kidogo zaidi, na baadaye watu husema kwamba breki zilikatika, ilhali matangi ya upepo unaoendesha breki za lori yalikuwa yamejaa na hakuna bomba lililopasuka.

Mafundi wa hapa huanza kwa kumwonyesha mteja herufi mbili zilizochapwa ubavuni mwa lainingi. Ya kwanza hueleza msuguano lainingi ikiwa na joto la kawaida, na ya pili ikiwa na moto mkali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Lainingi ya GE hukamata vizuri sana pale uwanjani unapoijaribu, kisha huishiwa na nguvu mlimani, kwa hiyo kwa lori linaloteremka na mzigo wao hushauri FF, na nakubaliana nao. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu muda ambao lainingi itadumu, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuziandika, ndiyo maana ninapendelea zile zenye alama ya E ndani ya duara, inayoonyesha kwamba bidhaa ilipimwa chini ya Kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vipuri mbadala vya breki. Aina zote mbili zipo rafuni. Yenye alama hiyo ilituzidishia gharama kwa karibu theluthi moja, na kwa ekseli za trela sijaona sababu ya kurudi kwenye ile ya bei nafuu.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kipimo cha dramu. Kila dramu imechapwa kipenyo cha mwisho inachoruhusiwa kufikia, na fundi hukisugua kwa brashi ya waya mpaka tarakimu zisomeke, kisha hupima kwa kuvuka mara mbili, upande huu na ule, ili kujua kama dramu imekwisha na kama imepoteza uviringo wake. Vinyufa vidogo vya joto usoni huvivumilia. Ufa unaofika ukingoni hawaujadili. Nilimshuhudia dereva wa trela ya mahindi akibishana nao kwa sauti kwa kuwa alitaka lainingi mpya ndani ya dramu iliyopita kipimo, tena gurudumu la kushoto pekee, kwa maelezo kwamba la kulia lilikuwa bado zuri. Walimkatalia yote mawili. Lainingi mpya ndani ya dramu pana hugusa katikati tu, na ekseli yenye lainingi mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulivuta lori pembeni hasa barabara ikiwa na maji. Yule dereva aliondoka kwa hasira, na bila shaka alimpata wa kumfanyia.

Kazi ya mikono ni safi. Chuma cha shuu husafishwa kutu yote kabla ya lainingi kuwekwa, kwa sababu kutu ikiachwa huendelea kukua chini yake na kuiinua mpaka ipasuke kati ya riveti. Riveti hugongwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha fundi huchukua bati jembamba la kupimia na kujaribu kulipenyeza chini ya lainingi. Likipenya, riveti hung'olewa na kazi hurudiwa. Springi za kurudisha shuu hubadilishwa pamoja na lainingi, na sili ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikionekana kuvujisha grisi hawafungi gurudumu mpaka ununue nyingine. Lainingi iliyolowa grisi haioshwi kwa petroli na kurudishwa, hata kama ni nene. Hesabu ya mwisho hupanda kwa mambo haya, na mteja aliyekuja na pesa za lainingi peke yake atanung'unika.

Baada ya kufunga, hupima mwendo wa fimbo ya chemba, kopo la upepo linalosukuma breki, wakati breki imekanyagwa kabisa. Kwa chemba ya kawaida ya aina ya 30, mwendo ukipita milimita 51 breki hiyo ihesabiwe kuwa haipo, hata kama lainingi ni ya jana. Walitueleza pia jambo ambalo madereva wengi hulifanya kinyume: ajasta, mkono unaounganisha fimbo hiyo na kamu inayotanua shuu, ikiwa ya kujirekebisha yenyewe haipaswi kukazwa kwa spana kila wiki, kwani ikilegea tena baada ya kukazwa, kuna kitu kilichoharibika ndani yake au kwenye kamu. Risiti yao huandikwa namba za lainingi, kipenyo cha kila dramu na tarehe, kwa hiyo ukirudi unajua dramu imelika kiasi gani. Kwangu karatasi hiyo ina faida kuliko dhamana ya mdomo.

Upande wa pikipiki sifa zinapungua. Pikipiki nyingi za bodaboda huku kwetu, Boxer na TVS, hutumia breki za dramu, na shuu ndizo zinazouzwa zaidi. Dirishani hakuna anayekuuliza chochote. Unataja Boxer, unapewa boksi. Fungua boksi papo hapo. Shuu nzuri ina lainingi iliyobandikwa bila mwanya miishoni, na gundi yake haikuchuruzika pembeni kwa wingi; nilizozikataa zilikuwa na mwanya ambao ukucha uliingia. Lainingi ikibanduka ndani ya dramu inaweza kuifunga tairi ghafla, na mwendeshaji hapati nafasi ya kujitetea. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, lakini ukaguzi huo ulipaswa kufanywa na yeye.

Dalili ya kubadilisha shuu iko nje, huhitaji kufungua gurudumu: kanyaga breki na uangalie mshale ulio kwenye mkono wa kamu, ukifikia alama iliyo kwenye sahani ya breki, shuu zimekwisha. Mafundi wengi wa vijiweni huzirefushia maisha kwa kukunja kipande cha bati juu ya kamu ili shuu zitanuke zaidi, na mshale huo hupoteza maana yake kabisa. Karakana hii haifanyi hivyo, nayo ni heshima yao. Kwa wale wa Ahero na tambarare ya Kano ambao hupita majini mvua zikizidi, dramu huingia maji na breki hulegea. Ukishatoka majini endesha polepole huku umekanyaga kidogo mpaka zikauke.

Pedi za diski wanazo chache, na mara kwa mara huambiwa usubiri mzigo kutoka Nairobi. Mafuta ya breki ni afadhali: huuzwa katika chupa ndogo zilizofungwa, si kwa kupimiwa kutoka kwenye kopo lililo wazi tangu mwezi uliopita. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yale ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 155.

Lawama yangu kubwa ni vumbi. Wakishaivua dramu huipuliza kwa hewa ya kompresa, na banda lote hujaa unga mweusi ambao mafundi huuvuta bila kitambaa usoni, huku wateja wamesimama hatua chache. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu, na hakuna anayeweza kuitambua kwa macho. Ndoo ya maji na brashi vingetosha kupunguza hatari hiyo, na niliwaambia.

Atakayekwenda afike asubuhi, lori likiwa tupu na magurudumu yamepoa, kwa kuwa hawavui dramu yenye moto wala hawaweki jeki chini ya mzigo. Anayeingia alasiri moja kwa moja kutoka Eldoret ajiandae kulala Nakuru.