Mama wa oili Gerezani, anakusomesha dumu kwanza ndo anakuuzia

Duka lenyewe halina bango, liko Gerezani, Dar, kwenye ule mstari wa spea, ukimuuliza kijana yeyote pale "mama wa oili" anakuonesha kwa kidole. Mi nilienda kwa sababu ya bodaboda ya mdogo wangu, klachi ilikuwa inateleza, yani anavuta moto injini inanguruma weee lakini chombo hakiendi, mlima mdogo tu anapitwa na bajaji. Fundi alikuwa keshasema tununue klachi mpya.

Shikamoo mama, marahaba baba, kabla sijataka chochote akauliza oili iliyomo ni ipi. Nikamwambia ni ile iliyobaki kwenye gari langu, 5W-30 nzuri kabisa ya bei, nilimpa dogo ili isiharibike bure. Akachukua dumu la oili kama ile kwenye shelfu akaligeuza nyuma, kuna kiduara kama ringi, juu kimeandikwa API (taasisi ya Wamarekani inayopanga madaraja ya oili) na herufi, katikati namba, chini kuna maneno ya Kiingereza ya kwamba oili hii inaokoa mafuta. Akaweka kidole pale chini. Akasema hapa ndo ugonjwa wenu, oili za hivi zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano, kwenye gari ni raha maana klachi ya gari haiogi oili ya injini, ila pikipiki nyingi injini, gia na sahani za klachi vyote vinaoga oili moja, na klachi bila msuguano haishiki. Pikipiki tafuta dumu lililoandikwa JASO MA au MA2, hicho ni kipimo cha Wajapani, MB ni ya skuta ambazo klachi yake iko pakavu. Tukamwaga, tukaweka 20W-50 ya MA2, siku ya pili tofauti ikaonekana. Nisiseme uongo, haikupona yote, sahani zilishaanza kuungua na mwezi uliofuata tulibadilisha, lakini angalau tulijua kilichoziua.

Sasa nilivyoona anajua nikamuuliza na la gari langu, Toyota IST. Kuna gereji walikuwa wananiwekea namba 40 kavu, yani isiyo na W, kila mara, wanasema Dar joto, oili nyepesi inakuwa maji. Na mimi nilikuwa naamini namba kubwa ndo oili bora! Mama akasema namba ni uzito tu, ubora uko kwenye herufi. 5W-30 ile W ni majira ya baridi, 5W inapimwa ikiwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na ile 30 ni uzito wake injini ikishachemka, inapimwa kwenye nyuzi 100. Nikamwambia mama Dar hakuna barafu, akanijibu injini ikilala usiku kucha ina nyuzi 25 au 28, kwa injini hiyo ni baridi, na ukiwasha asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua vali, na hizi VVT-i, mitambo ya Toyota ya kubadili muda wa vali kufunguka, zinaendeshwa na presha ya oili ipite kwenye vitundu vidogo. Akaniambia nikasome kitabu cha gari, changu kimeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka, 5W-30 ipo pale. Injini yake, 1NZ, inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta kwa hiyo dumu la lita 4 linatosha.

Zile herufi za API ndo zilinifungua macho zaidi. S ni petroli, C ni dizeli, herufi inayofuata ikienda mbele ndo oili mpya zaidi: SL 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020, na sasa ipo SQ ya 2025. Akanishikisha madumu mawili yote 20W-50, moja SF moja SN. SF ni ya magari ya 1988 kurudi nyuma!! Na bado inauzwa, na mtu ananunua kwa sababu kaona 50. Jamaa mwenye Hilux ya dizeli alikuwa nyuma yangu anataka SP kwa kuwa kasikia ndo ya kisasa, mama akamkatalia akampa CI-4, ya dizeli.

Ya gia boksi alipita haraka, ila moja nililishika, 80W-90 ya gia siyo nzito kuliko 50 ya injini kama inavyoonekana, mizani ni tofauti, hiyo 90 inacheza mle mle kwenye 40 na 50. Na oili ya gia ya daraja la GL-5 usimwage tu kwenye gia boksi ya manyuo iliyoandikiwa GL-4, dawa zake zinaweza kula shaba ya ndani.

Kingine nilichompendea, ukimrudishia dumu tupu analitoboa msumari mbele yako, hataki mtu alijaze oili chafu aliuze kama jipya. Hauzi oili ya kupima kwa chupa pia, wengi wananuna wanaondoka.

Kasoro zipo. Bei yake imezidi kama elfu tano ukilinganisha na kioski cha kwetu, pa kupaki hamna, na foleni ni ndefu kwa sababu kila mteja anaelezwa mpaka aelewe, mi nilisimama dakika 40 juani. Saa kumi jioni anafunga. Nenda asubuhi, na ubebe kitabu cha gari au upige picha mfuniko wa oili, ukifika bila hivyo atakuuliza maswali mengi na anaweza akakurudisha nyumbani bila kukuuzia, mimi nimeliona hilo likitokea kwa watu wawili siku hiyo hiyo.