Taa ya Kuoteshea Mboga Ndani ya Nyumba: Nilivyoiona Hapa Tanga

Nimeitumia taa hii tangu kaskazi iliyopita, ikapita masika, na sasa tuko kwenye kusi, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuisema. Ni bodi ya LED ya mwanga mweupe, ya kuning'iniza, inayouzwa mtandaoni kwa jina la "wati 1000". Nililipa laki moja na themanini, ikashuka na basi pale Kange ikiwa nzima. Chini yake ninaotesha saladi na basili, na trei za miche ya nyanya, kwenye chumba cha uani huku Chumbageni.

Tuanze na hizo wati. Niliichomeka kwenye kile kidude cha soketi kinachopima matumizi ya umeme, ikasoma 102. Hiyo 1000 ni ya boksi. Na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu wati 1000 za kweli zingenifilisi, na chumba kingekuwa tanuri. LED nzuri hutoa kama mikromoli 2.5 za mwanga (ndicho kipimo cha kuhesabu chembe za mwanga; milioni moja ni moli moja) kwa kila juli ya umeme, na wati moja ni juli moja kwa sekunde. Basi bodi ya wati 100 hutoa mikromoli 250 kwa sekunde, ukizitandaza kwenye meza ya mita moja kwa mita moja na kuwasha saa 14, mimea inapata kama moli 12 kwa siku. Saladi inatosheka na hapo. Usiyependa hesabu, pakua programu ya kupimia mwanga kwenye simu, iweke usawa wa majani. Kwangu inasoma kama luksi 15,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga kwa jicho la mtu) katikati ya meza, na pembeni inashuka sana. Kwa hiyo muuzaji akikwambia taa moja inatosha chumba kizima, mwache aendelee kuongea.

Hapo mtu ataniuliza: Tanga na jua lote hili, taa ya nini? Ni kweli, nje saa sita mchana mwanga unavuka luksi 100,000, bure. Lakini saladi haina shida ya mwanga huku kwetu, ina shida ya joto. Udongo ukivuka nyuzi 30 mbegu nyingi zinagoma kuota, na zilizoota zinakimbilia kupandisha shina na kutoa maua, jani linakuwa chungu. Ndiyo maana saladi ya soko la Mgandini inateremka kutoka Lushoto, inapita Mombo na Segera, na mpaka ifike imeshachoka. Faida ya taa kwangu ni kwamba imeniruhusu kuhamisha mchana. Inawaka saa kumi na mbili jioni na kuzima saa mbili asubuhi. Mimea yangu inafanya kazi usiku, chumba kikiwa nyuzi 26 hivi, na inalala mchana kukiwa 31. Joto la mchana bado linaisumbua, sikatai, ila si sawa na kulipata pamoja na mwanga mkali.

Umeme: saa 14 kwa wati 100 ni uniti 1.4, yaani uniti 42 kwa mwezi. Kama uko kwenye lile daraja nafuu la LUKU la uniti 75 kwa mwezi, taa peke yake imekula zaidi ya nusu, na friji bado haijapata chake. Pigeni hesabu kabla ya kununua bodi ya pili. Kiyoyozi usikifikirie kabisa kwa meza moja ya mboga. Hata kidogo cha wati 800, kikifanya kazi usiku kucha, kinaweza kula uniti 11.

Jambo moja nimelipenda sana: umeme ukiwa mdogo jioni, pangaboi inazunguka kwa uvivu lakini taa haipungui mwanga hata kidogo. Draiva yake, yaani kile kiboksi kinachoilisha LED umeme, inapokea umeme kuanzia volti 100 hadi 277. Taima, ile saa ya kuwasha na kuzima taa yenyewe, ndiyo ya kuangalia. Zile za kuzungusha kwa mkono zinasimama umeme ukikatika, ukirudi zinaendelea zilipoishia, na baada ya wiki "jioni" yako imekuwa saa nne usiku. Nunua ya kidijitali yenye betri ndani.

Sasa hewa, na hapa ndipo penye kazi. Usiku unyevu wa Tanga unafika asilimia 90 bila kuombwa. Hewa ikishiba maji hivyo, jani haliwezi kutoa mvuke, na lisipotoa mvuke halivuti maji kutoka kwenye mizizi, na kalisiamu inasafiri na maji hayo hayo. Matokeo yake ni majani machanga ya katikati kuungua kingo na kuwa ya kahawia, halafu mtu anakimbilia kuongeza mbolea. Dawa ni upepo mwepesi unaopita juu ya majani muda wote taa inapowaka. Natumia feni ndogo ya mezani imeelekezwa ukutani ili upepo urudi polepole, na nyingine dirishani inatoa hewa nje. Miche ya nyanya nayo, bila upepo, inaliwa na kinyausi: jioni imesimama, asubuhi imelala, shina limeoza pale kwenye udongo.

Muuzaji huyo huyo alinisukumia na feni ya maji "ya kupoza chumba". Hiyo ni ya Dodoma. Inapoza kwa kuongeza mvuke kwenye hewa kavu; kwetu pwani hewa imeshajaa, inachofanya ni kukuongezea ukungu. Nimeiuza.

Kipima unyevu cha elfu kumi na tano kinatosha, mradi ukikague. Chukua chumvi ya kawaida, itie maji kidogo iwe kama mchanga mbichi, weka kwenye kifuniko cha soda, kisha kifungie pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa mpaka kesho. Kinapaswa kusoma 75. Changu kilisoma 68, basi kila siku naongeza saba kichwani.

Kitabu cha maelekezo ni kichekesho. Kimechorwa lile jani tunalolijua wote, na ratiba yake yote ni saa 18 za mwanga, kisha 12 ili mmea utoe maua, tena kwenye giza totoro. Taa hizi zimenenepa kwa soko la wakulima wa bangi wa nchi kama Kanada, walioihalalisha mwaka 2018. Kwetu ni jinai, na si ndogo. Ratiba ile haina faida kwa saladi, kwani hiyo saladi hatutaki itoe maua hata kwa bahati mbaya. Hata giza totoro halihitajiki. Mimi mchana nimeacha dirisha wazi lina wavu tu, hewa inapita, mwanga kidogo unaingia, na hakuna kilichoharibika.

Ila majirani wakiona mwanga mweupe unatoka uani usiku kucha, wana haki ya kuwaza. Mwenyekiti wa mtaa alikuja mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa haraka, akasema, "Mwanangu, hebu nifungulie nione mnalima nini usiku." Nikamfungulia. Alizunguka meza, akanusa basili, akauliza kama inatibu kikohozi, akaondoka na fungu. Mwite wako kabla hajasikia kwa watu.

Kuhusu uimara: bodi ya alumini haijaguswa na hewa ya chumvi, lakini skrubu na ndoano za kuning'inizia zimeshika kutu vibaya, nimezibadilisha kwa za stenlesi. Draiva nimeitoa juu ya meza na kuifunga ukutani, mbali na mimea, kwa sababu inachemka. Dhamana wanasema mwaka mmoja, lakini kutuma bodi Dar es Salaam ni kwa gharama yako. Draiva ya akiba wanauza elfu arobaini na tano. Fundi wangu wa redio kule Ngamiani ameiangalia iliyopo na kusema ikifa nimpelekee yeye kwanza.