Dakika sita za BBC kwenye zamu ya usiku

Nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, na zamu zangu nyingi ni za usiku. Wageni wetu wengi huja kupanda Kilimanjaro. Kiingereza cha kuwakaribisha, kuwaonyesha chumba na kuwaandikia risiti ninacho siku nyingi. Kilichokuwa kinanishinda ni kuwaelewa wanapoongea wao, hasa Waingereza, na hasa kwenye simu.

Mwaka jana kikundi cha watu wanane kilipiga simu kikiwa bado Marangu. Nikasikia wanaweza kufika kabla ya saa nne usiku, nikamwambia dada wa jikoni apike. Chakula kikapoa mezani, wakaingia saa sita kasoro. Walikuwa wamesema "can't". Mimi nilisikia "can".

Wiki ileile nikaanza kusikiliza 6 Minute English, kipindi cha BBC Learning English. Ni bure. Watangazaji wawili wanazungumzia jambo moja, iwe usingizi, chakula au kazi. Mwanzoni wanatoa swali lenye majibu matatu, na jibu sahihi hulipati mpaka mwisho. Humo ndani wanafafanua maneno sita na kuyarudia kabla ya kuaga. Sauti unaipakua, na maandishi ya mazungumzo yapo. Mimi hupakua vipindi vya wiki nzima kwa waifai ya kazini, nikifika nyumbani sigusi bando.

Nikisikiliza na kusoma kipande kimoja mara nne, tano, ndipo nikaelewa kosa langu la ile simu. Sisi kila silabi tunaitamka ikasikika, kwa hiyo nilikuwa nasubiri ile "t" ya mwisho. Mara nyingi haisikiki. Tofauti iko kwenye irabu: "can" katikati ya sentensi inapita haraka, karibu "kn" tu, lakini "can't" ya Waingereza inavutwa, "kaant". Miaka minne ya sekondari hakuna aliyenionyesha hilo. Tulisoma Kiingereza cha ubaoni, masikio hatukuyafundisha.

Ninavyofanya ni hivi. Mara ya kwanza nasikiliza bila kusoma, hata nikipotea. Mara ya pili nasimamisha na kuandika nilichosikia kwenye kaunta buku. Ya tatu ndiyo nafungua maandishi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Ukianza na maandishi, jicho linamaliza kazi yote na sikio linabaki palepale. Angalizo moja: maandishi hayalingani na sauti neno kwa neno, na wenyewe wameliandika hilo. Usiku wa kwanza nilidhani masikio yangu ndiyo yana kasoro.

Kama unaanzia sifuri, usianzie hapa, utakata tamaa. Anza na Let's Learn English ya Sauti ya Amerika: ngazi ya kwanza ina masomo 52, unamfuata Anna aliyehamia Washington, na wanaongea taratibu. Matamshi ni ya Kimarekani, lakini kwa mwanzo hayadhuru. Hawa kazi hii wana uzoefu nayo. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri, na jioni alitafuta masafa mafupi apate Special English yao, iliyoanza 1959: habari zinazosomwa polepole kwa msamiati wa maneno kama 1,500. Alikuwa mkulima wa kahawa aliyeishia darasa la saba, na barua za Kiingereza za chama cha ushirika alikuwa anawasomea majirani.

Nasema haya kwa sababu kabla ya hapo nililipia kozi ya mtandaoni, shilingi 60,000, nikapewa orodha za maneno na video za mtu anayesoma slaidi. Sikio langu halikusogea. Ndugu yangu unayefanya kazi hotelini, kwenye utalii au bandarini, ihifadhi pesa yako kwanza.

Siku hizi mlinzi wetu, ambaye naye yuko somo la 19 la Anna, huja kaunta saa nane usiku na kuomba spika moja ya sikioni. Tunasikiliza swali la mwanzo, nasimamisha, tunabishana kama ni A, B au C, halafu naachia.