Bastola za vipande kwa mwenye leseni wa Malindi: ipi ununue, ipi uiache

Jamaa yangu mmoja anayeuza vipuri vya boti alinijia dukani simu iko mkononi, video inacheza. Mmarekani amefungua bastola mezani, anachomoa kiini cha chuma, anakitia kwenye gamba jingine dogo la plastiki lenye mpini, anabadilisha mtutu, na kahawa yangu haijapoa bastola ya askari imekuwa ya kuficha kiunoni. "Nikinunua hii nimenunua tatu," akaniambia. Nikamjibu: kule kwao, sawa. Hapa Malindi utakuwa umenunua moja, tena ghali.

Siri yote ya bastola hizi za vipande iko kwenye kile kiini. Ni kifremu kidogo cha chuma chenye kifyatulio na mashine yake, na ndicho kilichopigwa namba ya usajili. Kwa sheria ya Marekani, kipande hicho pekee ndicho bunduki. Gamba, mtutu, slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga), vyote mtu huagiza kwa posta kama anayeagiza kava ya simu. Sheria yetu ya Silaha hapa Kenya, Sura ya 114, haisemi hivyo. Ndani yake neno silaha linabeba hata sehemu inayounda silaha. Mtutu wa pili uliofungwa kwenye boksi chini ya kitanda si akiba, ni kesi. Cheti chako kimeandikwa silaha fulani na idadi fulani ya risasi, kwa hiyo ile raha ya kutoka risasi ya milimita 9 kwenda ya kipimo kingine kwa dakika mbili haikuhusu. Hata gamba tupu la plastiki, mimi nisingeliagiza kabla ya kuuliza Bodi ya Leseni za Silaha na kupata jibu la maandishi.

Sasa imebaki faida gani kwa mtu wa pwani? Naona mbili, na ya kwanza ni chumvi.

Ukikaa karibu na bahari kama mimi, unajua bawaba za mlango zinavyoliwa. Bastola inakaa kiunoni, jasho la kaskazi linaichuruzikia mchana kutwa, jioni unapita ufukweni upepo unaileta ile chembechembe nyeupe. Kwenye bastola ya plastiki ya kawaida, reli za chuma na mashine ya kifyatulio zimezama ndani ya mpini. Unafuta unapofikia, kilichobaki unamwachia Mungu na fundi. Ya vipande unakitoa kiini kizima, unakiona pande zote, unakausha, unapaka mafuta kidogo, na gamba unalisafisha kwa maji na sabuni kama sahani. Kutu yangu ya kwanza niliigundua hivyo, doa la rangi ya chai kwenye springi moja ambayo nisingeiona kwa njia nyingine.

Lakini ngoja nikupe na upande wa pili. Usiku mmoja umeme umekatika, nimetandaza gazeti kwenye jamvi, nikasukuma kipini kinachoshika kiini. Kikaruka. Nilikitafuta kwa tochi ya simu mpaka adhana ya alfajiri, na nikakipata ndani ya mshono wa jamvi. Kipini chenyewe kidogo kama punje ya mchele. Kingepotea, ningekaa miezi nikisubiri muuzaji mwenye leseni aniagizie, maana sehemu hizi hazipatikani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tangu siku hiyo nafungulia ndani ya sinia ya kuchambulia mchele, mchana.

Faida ya pili ni mkono. Mwenye vidole vifupi akishika mpini mnene hafikii kifyatulio vizuri, anaisokota bastola kila anapofyatua. Gamba dogo linatibu hilo. Ila hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu bastola nyingi za kawaida siku hizi zinakuja na vibao vya kubadilisha nyuma ya mpini, na kwa walio wengi vibao hivyo vinatosha.

Basi mpangilio wangu ni huu, kwa mtu mwenye cheti kimoja, anayebeba chini ya shati jepesi.

Namba moja naiweka Glock 19 au CZ P-10 C, na zote mbili si za vipande. Najua nimeharibu kichwa cha makala. Zina vibao vya nyuma, vipuri vyake fundi anavifahamu, na Glock tupu ina uzito wa kama gramu 600, risasi 15 kwenye magazini, yaani kikasha cha risasi kinachoingia mpinini. Kasoro moja ya Glock usiipuuze: ili uifungue kusafisha lazima uvute kifyatulio. Aliyesahau risasi ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu, amejipiga kiganja au amempiga jirani. Toa magazini, vuta slaidi, tazama, tia kidole, halafu tazama tena.

Ya pili, SIG P365, ya mwaka 2018. Hii ni ya vipande kweli, na ni nyepesi, kama nusu kilo. Kwa joto letu, na kwa anayevaa kikoi jioni, tofauti unaisikia. Magazini yake ya kawaida inashika 10. Haihitaji kuvuta kifyatulio ili ifunguke. Ni fupi, kwa hiyo inarusha mkono zaidi, na asiyefanya mazoezi ataichukia.

Beretta APX na Springfield Echelon naziweka pamoja. Zote zina kiini cha kutoka. Echelon ilitoka 2023, hutengenezwa Kroatia, na magamba yake yana saizi tatu. Ni bastola nzuri, ila kwa kiuno cha raia ni kubwa, na ukiharibikiwa utasubiri sana.

SIG P320 ndiyo iliyoipa mitindo hii jina. Januari 2017 jeshi la Marekani liliichagua ichukue nafasi ya Beretta M9 iliyokuwa kazini tangu miaka ya 1980. Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho bure, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe. Ukiuziwa ya mkono wa pili, uliza kama imefanyiwa, na usikubali jibu la mdomo. Baadaye zimefuata kesi mahakamani za watu wanaodai ilifyatuka bila kuguswa, na kampuni inakana. Mimi kwa hilo nimeisukuma chini, ingawa gamba lake ndilo lililonikaa mkononi vizuri kuliko zote.

Ya mwisho kabisa ni Ceska ya chuma, CZ 75 ya wazee, karibu kilo nzima. Haina cha kubadilisha ila vibao vya pembeni, inaota kutu ukiiangalia vibaya, na ni tamu kupiga. Kama mzee wako anayo kwa cheti chake, mwache nayo.

Kabla hujalipa, fanya jambo moja dogo. Kwenye hizi za vipande namba haiko juu ya gamba, iko kwenye kiini, na unaisomea kupitia kidirisha kidogo ubavuni. Mchanga na mafuta huganda pale. Kwenye kizuizi cha polisi barabara ya Garsen afisa atataka kuilinganisha na cheti, saa nne usiku, kwa tochi. Isome mwenyewe dukani, tarakimu kwa tarakimu, na ubebe kijiti cha pamba kwenye pochi.