Afro-Harping ya Dorothy Ashby: santuri nzuri, angalia mota

Kampuni ya muziki ya Cadet iliitoa 1968. Dorothy Ashby wa Detroit anadonoa kinubi kwa kufuata mdundo, na aliyezoea adungu, kinubi cha Uganda, atamwelewa upesi. Wimbo wa Soul Vibrations pekee unalipa bei. Ule wa The Look of Love umelegea. Wengi wamemsikia bila kumjua: kinubi cha If It's Magic ya Stevie Wonder, 1976, ni chake.

Mnaonunua Kampala, jihadharini. Mashine kuukuu ya santuri ya Marekani yenye mota ya AC ya hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwenye umeme wetu wa hezi 50, huzunguka pole kwa moja ya sita, na sauti ya kinubi inashuka. Transfoma inashusha volti tu, haigusi hezi. Weka puli ya mota yenye kipenyo mara 1.2 ya ile ya zamani.