Nikon Z8 mkononi: kamera isiyo na shata ya chuma

Ukibonyeza kitufe cha kupigia picha kwenye Nikon Z8, mlio unaousikia unatoka kwenye spika ndogo. Zima sauti hiyo kwenye menyu na kamera inakuwa bubu kabisa. Ndani yake hamna kioo cha kuakisi picha wala shata, yaani pazia la chuma la kufunguka na kufunga. Sensa yenyewe ndiyo inayoanza na kukatisha kupokea mwanga, mstari kwa mstari. Karibu kila jambo zuri na kila usumbufu wa kamera hii unaanzia hapo, kwa hiyo anayetaka kuinunua aielewe sehemu hiyo kabla ya kuhesabu megapikseli.

Z8 ilitangazwa tarehe 10 Mei 2023, bodi tupu bila lenzi ikiuzwa dola 4,000 za Marekani. Sensa yake ya megapikseli 45.7 na prosesa yake ya EXPEED 7 ni zilezile za Z9, kamera kubwa ya mwaka 2021 iliyotoka kwa dola 5,500. Kilichopunguzwa ni mwili. Z9 ikiwa na betri na kadi ina uzito wa gramu 1,340, Z8 gramu 910. GPS ya ndani imeondolewa, tundu la waya wa mtandao halipo, na betri kubwa imebadilishwa na ile ndogo ya EN-EL15c. Kwa mpiga picha wa harusi au wa habari, GPS haitamliza. Betri itamfanya apange siku yake upya.

Ukiishika, vidole vyote vinapata pa kukaa, hata kidole kidogo, na mshiko una kina cha kutosha kubeba lenzi nzito bila kiganja kuchoka haraka. Gurudumu la kuchagua namna ya kupiga, yaani M (unapanga kila kitu mwenyewe), A (unapanga tundu la lenzi) au S (unapanga kasi ya shata), halipo. Unashika kitufe cha MODE upande wa juu kushoto huku ukizungusha gurudumu la nyuma, na hiyo ina maana kamera haibadiliki yenyewe ikisuguana na nguo au ikitolewa begani kwa haraka. Vitufe muhimu vinawaka taa, jambo dogo linaloonekana kubwa ukumbi unapozimwa taa bwana na bibi harusi wakiingia. Skrini inainama juu na chini, na pia ukiishika kamera wima, ila haigeuki kukutazama usoni. Anayejirekodi mwenyewe atahitaji skrini ya nje.

Kitundu cha kuchungulia kina nukta milioni 3.69, na kwenye karatasi kinaonekana duni mbele ya kile cha kamera ya Sony A1 chenye milioni 9.44. Ukikitumia, tofauti hiyo haisumbui kiasi hicho, kwa sababu picha haikatiki hata unapopiga fremu 20 kwa sekunde. Unamwona mchezaji akiendelea kukimbia bila giza kati ya fremu na fremu, na kumfuata kunakuwa rahisi kuliko kwenye kamera yoyote ya kioo.

Sasa turudi kwenye shata. Kamera za zamani zisizo na kioo, zikipigwa kwa shata ya kielektroniki, zilikuwa zinapinda fimbo ya gofu na kulaza milingoti, kwa sababu sensa ilisomwa polepole. Z7, kamera ya Nikon ya kabla ya hii, ilihitaji kama 1/15 ya sekunde kuisoma sensa nzima. Z8 inaisoma kwa takriban 1/270. Pazia la chuma la kamera nzuri nalo huchukua kama 1/250 kupita mbele ya sensa, kwa hiyo hofu ya kwamba picha zitapinda haina msingi tena. Mpira uliopigwa kwa nguvu unabaki duara.

Hofu yenye msingi ni ya taa. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde, yaani kila pepeso ni milisekunde 10. Z8 inaisoma sensa kwa milisekunde 3.7 hivi. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde chini ya taa kama hizo, fremu moja inaweza kutoka na sehemu ya juu yenye giza na ya chini yenye nuru, na nyingine ikawa kinyume chake. Dawa ni kushuka hadi 1/100 au 1/50, ili kila mstari upate pepeso zima, au kuwasha kipengele cha kupunguza kupepesa kwa picha, ambacho kinasubiri taa ifike kwenye kilele ndipo kinapiga.

Taa za LED za jukwaani na zile skrini kubwa nyuma ya MC ni kesi nyingine. Hizo zinaweza kupepesa mara elfu moja au zaidi kwa sekunde, na 1/100 peke yake si lazima iondoe mistari yote. Taa ya hezi 1,000 inaweza kuacha michirizi mitatu minne ndani ya fremu moja. Z8 ina kipengele cha kupepesa kwa kasi kubwa kinachofanya kazi ukiwa kwenye M au S. Ukikiwasha, kasi ya shata inasogea kwa hatua ndogo sana badala ya kuruka. Lenga skrini ya ukumbi, zungusha gurudumu taratibu huku ukitazama michirizi, usimame pale inapofifia. Fanya hivyo saa moja kabla wageni hawajafika, mafundi wakiwa wanajaribu taa, na uandike namba uliyoipata, ila wakibadilisha mwangaza wa skrini namba hiyo huenda isifae tena.

Kwa flashi, mwisho ni 1/200, na ukiwasha Auto FP, ambapo flashi inatoa miale midogo mfululizo, unaweza kupanda. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kwa 1/200 kila mstari uko wazi kwa milisekunde 5, na usomaji unakula 3.7, kwa hiyo mistari yote iko wazi kwa pamoja kwa milisekunde 1.3 tu. Flashi ya juu ya kamera kwa kawaida inamaliza sehemu kubwa ya kazi yake ndani ya muda huo. Taa kubwa za studio za bei ya chini, zikiwekwa kwenye nguvu zote, nyingine hutoa mwanga kwa muda mrefu zaidi, na ukingo mmoja wa picha unaanza kuwa mweusi. Shuka hadi 1/160 au punguza nguvu ya taa.

Ukimya nao una adabu yake. Kwenye nikaha msikitini au ibada ya mazishi ni neema. Kwenye picha za familia zilizopangwa ni kikwazo, kwa sababu watu hawajui umeshapiga, wanabaki wamekaza nyuso. Washa mlio wa spika kwa kazi hizo.

Fokasi ndiyo sehemu inayofanya bei ieleweke. Inatambua binadamu, wanyama, magari, pikipiki, treni, ndege za abiria, na inashika jicho hata uso ukiwa mdogo kwenye fremu. Toleo la programu 2.00 la Februari 2024 liliongeza chaguo la ndege wa angani peke yao, na yeyote anayepiga Serengeti au ziwa Nakuru ahakikishe kamera yake imefika toleo hilo au la juu zaidi. Kosa linalojirudia ni kuacha utambuzi kwenye otomatiki na eneo lote likiwa wazi. Ukumbini kamera itashika uso wa mpambe aliye karibu badala ya bibi harusi. Chagua binadamu, kisha tumia eneo pana la C1 au C2, ambalo unalipangia upana na kimo wewe mwenyewe. Sanduku jembamba lililosimama linamfaa mtu anayekuja kwenye zulia, na lililolala linafaa meza kuu. Kwa mbio na mpira inafaa 3D, fokasi ya kufuatilia: unayemweka kwenye nukta ndiye anayefuatwa.

Kuna pia uwezo wa kuhifadhi hadi sekunde moja iliyotangulia kabla hujabonyeza hadi mwisho, kwa fremu 30, 60 au 120 kwa sekunde. Kwa mdiria anayeruka tawini hakuna njia bora zaidi. Tatizo ni kwamba zote zinatoka JPEG, na zile 60 zinakata ukingo wa sensa huku zile 120 zikishuka hadi megapikseli 11. Weka rangi na mwanga sawa mapema, hakuna RAW, yaani faili ghafi ya sensa, ya kukuokoa.

RAW zenyewe ziko za aina tatu. Ile isiyopoteza kitu ina takriban megabaiti 55, HE (aina iliyobanwa zaidi) yenye nyota kama 33, na HE ya kawaida kama 22. Zidisha kwa fremu 20 kwa sekunde: aina ya kwanza inataka kadi imeze megabaiti 1,100 kila sekunde, na kadi nyingi hazifiki hapo kwa muda mrefu, ndiyo maana kamera inapunguza kasi baada ya sekunde chache. HE ya kawaida inataka 440 tu. Harusi ya fremu 3,000 ni gigabaiti 66 kwa HE na 165 kwa aina kubwa. Macho ya mteja hayataona tofauti. HE yenye nyota ndiyo ya kuweka kama kawaida ya kila siku, na aina kubwa ibaki kwa picha za bidhaa au mandhari zitakazovutwa sana. Kabla ya kazi, fungua faili moja ya HE kwenye programu unayohariria, kwa sababu programu za bure kama darktable zimekuwa nyuma katika kuzisoma.

Matundu ya kadi ni mawili yasiyolingana, moja la CFexpress aina ya B na moja la SD. SD ya daraja la haraka la UHS-II inaishia megabaiti 312 kwa sekunde hata kinadharia. Ukiamuru kamera iandike RAW ileile kwenye kadi zote mbili, unafungwa na mwendo wa SD. Mpangilio wenye akili ni RAW kwenye CFexpress na JPEG kwenye SD. Hasara ya kadi ikitokea, angalau unazo picha za kumpa mteja. Bei ya CFexpress nzuri mbili iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Betri ya EN-EL15c, kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, inatoa picha kama 340. Anayepiga mfululizo atapata nyingi zaidi kwa mbali, kwa sababu kinachokula umeme ni muda wa kuwaka, si idadi ya picha. Anayesubiri sana na kutazama skrini ataona asilimia zikishuka bila kupiga chochote. Tatu kwa harusi ya kutwa, nne kama kuna video. Kuna matundu mawili ya USB-C, moja la chaji na jingine la data, na kuchomeka waya kwenye lisilo la chaji kunaweza kuwa chanzo cha malalamiko ya "haichaji". Pawabanki iwe ya PD, mfumo wa chaji wa USB Power Delivery. Betri za EN-EL15a ulizonazo kutoka kamera za zamani zinafanya kazi ila hazichajiki zikiwa ndani ya kamera.

Kuhusu ubora wa picha, ISO (kiwango cha sensa kuhisi mwanga) ya msingi ni 64 na hapo rangi zinapendeza. Chengachenga kwenye vivuli vinavyoinuliwa sana zimezidi kidogo zile za D850, kamera ya Nikon yenye kioo, na hiyo ndiyo gharama ya sensa inayosomwa haraka. Kuanzia ISO 500 sensa inabadilisha mkondo wake wa ndani, na vivuli vya 500 vinatoka visafi kuliko vya 400, kwa hiyo gizani usisimamie 400. Shela nyeupe kando ya ngozi nyeusi hupimwa vizuri kwa kipimo kinacholinda sehemu zenye mwanga mkali, kisha nyuso zinainuliwa kidogo kwenye kuhariri. Sensa haina kichujio cha kulainisha, hivyo suti zenye mistari midogo na vitambaa vilivyofumwa vizito vinaweza kuzaa mawimbi ya rangi. Sogea hatua moja mbele au nyuma na yanaondoka.

Video inafika 8K fremu 60 kwa N-RAW, video ghafi ya Nikon, ambayo kwa ubora wa juu inakula zaidi ya megabaiti 700 kwa sekunde, yaani kadi ya gigabaiti 128 inajaa kwa dakika tatu. Kwa kazi za kawaida 4K iliyobanwa kwa H.265 ya biti 10 inatosha na HDMI ni ya ukubwa kamili, haivunjiki kirahisi kama zile ndogo.

Mwenye lenzi za zamani za Nikon za mfumo wa F atahitaji adapta ya FTZ II. Za AF-S, zenye mota ndani, zinafokasi kama kawaida, za AF-D zisizo na mota zinabaki za kuzungusha kwa mkono. Kwa mbuga, lenzi ya Z 180-600 ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ukifika kwenye vumbi, ingia kwenye menyu uhakikishe kinga ya sensa imewekwa ijifunge ukizima kamera, na uzime kwanza ndipo utoe lenzi. Kinga hiyo ni nyembamba, usiiguse kwa kidole wala kuipulizia kwa hewa ya kopo.

Anayenunua iliyotumika, swali la "shata imepiga ngapi" halina maana hapa, hakuna pazia la kuchakaa. Mwaka 2023 Nikon ilitoa matangazo mawili kuhusu baadhi ya namba za mfululizo, moja la lenzi kutokaa sawasawa kwenye shingo ya kamera, jingine la vishikizo vya mkanda kulegea, na ikatengeneza bila malipo. Uliza namba ya mfululizo uilinganishe na matangazo hayo. Kisha funga na ufungue lenzi mara kadhaa, vuta vishikizo vyote viwili, chungulia pini za tundu la CFexpress kwa tochi, chomeka waya kwenye matundu yote mawili ya USB-C uone yasiwe yanacheza, na piga anga jeupe kwa f/16, tundu dogo la lenzi, utafute madoa kwenye sensa.