Kufanyia Mazoezi Maneno Magumu: Uzoefu Wangu na Kikundi cha Sanaa cha Jamii Eastlands

Ukitaja kikundi cha sanaa mtaani kwetu, wengi hufikiria ngoma za kumkaribisha mheshimiwa, au vijana wanaojinoa ili waingie runingani. Ninachokiandikia hapa ni shirika dogo la jamii, lisilotafuta faida, linalokutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa jamii huku Eastlands, Nairobi. Halina haja ya kukufanya msanii. Linatumia uigizaji, nyimbo na miondoko ya mwili kumsaidia mtu wa kawaida aseme lile lililomkaa kooni. Nina zaidi ya mwaka nikihudhuria, na jirani zangu huniuliza kama inafaa kutoa Jumamosi nzima, siku ya kufua na ya kushuka soko la Gikomba. Kwangu imefaa sana, ila kuna mambo ambayo anayejiunga anastahili kuyajua mapema.

Kazi huanza na mwili. Viatu vinavuliwa, simu zinatiwa kikapuni, tunatembea ukumbini kila mtu na njia yake, na mwezeshaji akipiga kofi unaganda ulivyo. Kisha huja sanamu: mmoja ni udongo, mwenzake ni mfinyanzi, na hakuna kusema neno. Siku moja tuliambiwa tufinyange mwenye nyumba na mpangaji aliyechelewesha kodi. Karibu kila jozi ilitoa kitu kilekile, kidole kimenyooshwa na shingo imeinama. Mwezeshaji akamwomba mpangaji mmoja ainue shingo tu, asibadilishe kingine. Yule aliyenyoosha kidole akajikuta anaukunja mkono mwenyewe, bila kuambiwa. Watu wazima tulibaki tukitazamana. Hotuba za kujiamini nimezisikia nyingi, kanisani na kwenye semina za chama, lakini hiyo shingo ndiyo iliyonifunza kitu.

Baada ya hapo ndipo igizo. Mwanachama huleta kisa chake cha kweli, wenzake wanakiigiza hadi pale mambo yanapoharibika, kisha kinarudiwa tangu mwanzo. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, “Simama!”, akaingia kuchukua nafasi ya yule anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Nafasi ya mwonevu haiguswi, kwa sababu nyumbani huna uwezo wa kumbadilisha mtu kwa kutaka tu. Miujiza nayo hairuhusiwi. Ukiingia ukasema umeokota pesa njiani, mwezeshaji huigeukia hadhira: “Jamani, hili linawezekana?” Ukumbi ukisema hapana, unarudi kuketi.

Mtindo huu uliasisiwa na Augusto Boal wa Brazili, aliyefungwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971 na kulazimika kuhama nchi. Mwaka 1992 alichaguliwa diwani wa Rio de Janeiro, akawa anatumia michezo ya wananchi kutunga sheria za jiji.

Kisa nilichokileta mimi ni cha mama yetu. Ana kisukari, anaishi kwangu mtaa wa Umoja, na kila kikao cha ukoo huisha kwa kaka yangu mkubwa kusema, “Wewe huna mzigo, kaa na mama.” Namheshimu kaka, ndiye aliyenilipia karo ya sekondari, na mbele yake ulimi wangu ulikuwa ukifa. Kijana mmoja aliingia akiwa mimi, akamfokea kaka wa igizo. Kaka akachukua kofia yake akaondoka, mama akabaki palepale. Mama mmoja muuza mboga akaingia akalia. Kaka akatoa noti ya shilingi 500, akaona yamekwisha. Kisha msichana mmoja, mpole kuliko sisi sote, akaingia na daftari. Akaamkia vizuri, akaketi, akasema: “Kaka, naomba tuandike. Nani anampeleka mama kliniki, nani ananunua dawa, na nani analala naye mimi nikiwa zamu ya usiku?” Yule aliyeigiza kaka alitafuta pa kutokea akakosa. Alikuwa hajaombwa huruma, alikuwa ameombwa siku na tarehe.

Nilirudia maneno yale mwenyewe pale ukumbini mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Kwenye kikao cha kweli nilikwenda na daftari. Kaka alinyamaza kitambo, kisha akaandika jina lake kwenye dawa na kwenye wikendi moja ya kila mwezi, na hadi leo hajakosa. Ndugu yetu wa pili hajaandika kitu, na hilo bado tunalo. Nalala vizuri zaidi, na mama naye ameanza kutania tena. Kwa hayo peke yake ningewashukuru walimu wa pale hadi kesho.

Sasa niseme linaloniuma. Kikundi hakina mfuko wa kutosha, kwa hivyo wafadhili wakija hukaribishwa, na haki ni yao kukaribishwa. Shida ni kwamba baadhi huja na mada yao, ujumbe wao na mwisho wa igizo ukiwa tayari umeandikwa. Jumamosi hizo tunafunzwa mistari, tunavalishwa fulana, tunaigiza uwanjani mbele ya kamera, na hakuna anayeruhusiwa kusema “Simama!” Watu hucheka na kupiga makofi, kisha wanaondoka kama walivyokuja. Na sisi Wakenya tuna mfano wetu wa kutosha. Kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea jukwaa la wazi, wakafanya mazoezi hadharani wiki hadi wiki, na mwanakijiji yeyote aliweza kumsahihisha mwigizaji au hata mistari yenyewe. Serikali iliondoa kibali wiki chache tu baada ya maonyesho kuanza, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa waandishi wa mchezo huo, akatiwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hakuna anayetuma polisi kwa igizo ambalo halijamgusa mtu. Ningewaomba viongozi wetu wamwambie mfadhili waziwazi: leta mada, mwisho tuachie sisi.

La pili ni zito zaidi. Michezo hii hufungua vidonda. Nimemwona kijana akisimulia kipigo cha baba yake akashindwa kuendelea, na dakika chache baadaye tukalazimika kutoka kwa sababu kwaya ilikuwa mlangoni ikingoja zamu yake ya ukumbi. Tulimsindikiza hadi steji ya matatu, tukampigia simu usiku, lakini hayo yalikuwa mapenzi ya wenzake, haukuwa mpango wa shirika. Kikundi kinachoalika watu kufungua mioyo kinahitaji mshauri nasaha anayebaki baada ya mazoezi, hata kama ni wa kujitolea. Na hadi apatikane, namba 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto zibandikwe mlangoni, zote ni za bure. Nimelisema hili mkutanoni. Wawezeshaji walilipokea vizuri, na mmoja ameanza kumtafuta mshauri kupitia zahanati ya jirani.

Kuhusu gharama, ada haipo. Kuna mchango wa shilingi 50 za chai kwa aliye nazo, na asiye nazo hunywa chai ileile. Muda hauheshimiwi sana, ukiambiwa saa nane jua ni saa nane na nusu. Lugha ni Kiswahili, na Sheng' vijana wakichangamka, lakini wazee hawaachwi nyuma: ukiuliza, utafafanuliwa. Njoo na nguo pana unayoweza kuketia sakafuni.

Kama mwanao anatafuta kujifunza vinanda na ala za muziki, mradi wa Ghetto Classics ulioanza Korogocho mwaka 2008 utamfaa kuliko hapa. Anayetaka sarakasi au dansi kama kazi ya kumlisha aulizie Sarakasi Trust pale Ngara. Na popote unapoalikwa, kwetu au kwingine, omba kuona cheti cha usajili kabla ya kutoa mchango wowote mkubwa. Tangu 2022 kuna sheria maalumu ya kusajili vikundi vya jamii, na kikundi safi hakioni haya kukionyesha. Chetu kilinionyesha siku ya kwanza, pamoja na kitabu cha hesabu, na mweka hazina akakaa nami akinieleza ukurasa baada ya ukurasa mpaka nikaridhika.